Mkate wa Mwajuma Hautaki Ngano

Jumanne, 8 Julai 1975

Nimetwanga mchele tangu asubuhi. Mashine ya kijiji imekaa kimya, dizeli hakuna. Nimechekecha, nikarudisha chenga kinuni, nikatwanga tena. Unga kidogo. Kuku wamepata zaidi yangu. Mgongo unauma.

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima amesema tuandike mara kwa mara, mkono usigande. Naandika. Haya.

Mjukuu wangu Mwajuma amelala mkekani. Ana miaka sita, ukimbeba ni kama umebeba ungo. Tumbo kubwa, miguu vijiti. Mama yake ni binti yangu Zuhura, ana hoteli Mikumi, pale barabarani yanapopumzika malori. Amemleta kwangu na furushi la nguo na kilio. Mtoto anahara, anapoa, anahara tena. Hachezi. Haibi sukari. Tangu afike sijamgombeza hata mara moja, na hilo ndilo linanitisha. Mtoto mzima lazima agombezwe.

Alhamisi, 10 Julai

Tumekwenda Kilosa kwa treni, mimi na Zuhura na mtoto. Hospitali foleni mpaka uani. Daktari mwanamke, Mhindi, mgeni. Kiswahili chake kinachechemea lakini macho makali. Akambonyeza mtoto tumbo. Akauliza anakula nini. Zuhura akajibu kwa kujivuna: chapati, mandazi, mkate, watoto wa wenzangu wanakula viazi, wangu anakula chapati.

Daktari akasema ndiyo hiyo hiyo. Ngano. Tumbo la mtoto huyu halitaki ngano. Si kidogo, si siku ya sikukuu, wala kulamba kidole.

Sijaelewa. Sumu naijua. Uyoga mbaya naujua, muhogo mchungu naujua. Ngano ni chakula cha harusi. Watu wanasukumana dukani kuipata. Itamdhuruje mtoto?

Nikamwuliza, umemwangalia vizuri wewe? Akasema, bibi, nimemwangalia. Hakuchoma sindano. Daktari asiyechoma sindano umemwendea nini?

Jumamosi, 12 Julai

Zuhura amerudi Mikumi. Mtoto kabaki. Treni imeshapiga honi ndipo binti yangu kaniambia neno lililotakiwa kuja kwanza. Mama mkwe wake wa Kidodi anasema mtoto karogwa. Anataka kumpeleka kwa fundi wake wa uganga, akachanjwe, afungiwe ndani, asipewe maji mpaka dawa zikolee. Yupo katika ukoo ule mtoto mwingine aliyepelekwa kwa fundi huyo huyo akihara. Alirudi amefunikwa shuka.

Baba wa Mwajuma ni dereva, akili yake iko kwenye usukani, mengine anamwachia mama yake. Wamepatana hivi: mtoto akae kwangu mpaka Idi. Idi ikipita hajanenepa, bibi wa Kidodi anakuja kumchukua.

Hafiki Kidodi huyu. Nimesema.

Jumatano, 16 Julai

Hataki ugali. Hataki wali. Analilia chapati. Tena si chapati tu, chapati ya kukunja, kama wanavyokula madereva kwa mama yake: maharage katikati, inaviringishwa, inashikwa mkononi. Ananionyesha kwa vidole vyake namna ya kuviringisha. Asipopata anageukia ukuta.

Nikamwambia utapata. Ya mchele. Nimezaa saba, siwezi kushindwa na chapati.

Nimeshindwa. Unga wa mchele na maji ya baridi ni mchanga na maji. Nikiusukuma unapasuka. Nikiugeuza kikaangoni unakuwa vipande. Mtoto akaviangalia vile vipande, akauangalia ukuta.

Jirani yangu Mama Paulo alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Huyu ni Mbena, baba yake aliletwa kukata mkonge Kimamba, yeye akazaliwa kambini. Serikali ilipotukusanya hapa kijijini tukapangwa mstari mmoja wa nyumba, ukuta wake ukitazamana na wangu. Ananichokoza tangu siku hiyo. Akasema, "Mama Zuhura, hiyo si chapati, ni kokoto. Ikikudondokea mguuni tutakubeba wewe Kilosa."

Nikamwambia mlango wangu si sinema.

Jumapili, 20 Julai

Nimejua. Maji yachemke kwanza. Unga wa mchele unamwagwa ndani ya maji yanayotokota, unasongwa kama ugali, unafunikwa. Ukiwa bado unaunguza vidole ndiyo unaukanda. Nimechanganya na unga wa muhogo mkavu, muhogo unashika. Sisukumi kwa mti tena. Donge naliweka katikati ya majani mawili ya mgomba yaliyopakwa mafuta ya ufuta, nalikandamiza kwa kiganja mpaka linakuwa bapa. Nageuza na jani lake.

Haipasuki kikaangoni. Ikikunjwa ndiyo inakatika, katikati, kama kigae. Mwajuma kalia kidogo. Halafu njaa ikamzidi. Kachota maharage kwa vipande mpaka kamaliza.

Nimeungua vidole vitatu. Sijali.

Jumatatu, 28 Julai

Choo kimekuwa choo. Si jambo la kuandika, lakini nyumba hii haina habari kubwa kuliko hiyo.

Anakula vipande vyake asubuhi na jioni. Siku nyingine nampa mkate wa kumimina, siku nyingine wa mtama. Wa mtama ni mweusi na mzito, anaufanyia uso. Anaula. Shingo imeanza kujaa.

Leo kaiba karanga zangu za mbegu. Nikafungua mdomo nimgombeze, nikaufunga. Nikaenda nyuma ya nyumba kusimama kidogo.

Ijumaa, 1 Agosti

Ngano ya msaada imefika. Mvua ilitunyima mwaka huu, sasa Serikali imeleta magunia. Si unga, ngano nzima, punje. Imegawiwa kwa nyumba. Watu hawajui hata inapikwaje, wengine wameitia chumvi wakaitafuna. Dizeli nayo imekuja na lori hilo hilo, kwa hiyo kila mtu kakimbilia mashine.

Fungu langu sikulivusha hata kizingiti. Nimempa Mama Paulo hapo hapo mbele za watu. Nikasema nyumba yangu haina mdomo wa ngano. Wakanitazama. Watazame.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepeleka mchele mashine. Mgongo umeshukuru.

Huyu Hamisi anayeendesha mashine kalelewa. Akiniona anaacha kazi. "Shikamoo bibi." Marahaba. "Bibi hapangi foleni jamani, mpisheni." Nikakaa nje kwenye gogo na Mama Paulo, tukawasema waliopo na wasiokuwapo. Hamisi kaniletea beseni mwenyewe, limejaa mpaka kilele. Nimezidishiwa. Anasema hiyo ni nyongeza ya wazee.

Na leo chapati imekunjika. Nimeikunja mara moja, mara mbili, nikaiviringisha na maharage yake, haikukatika. Laini kama kitambaa. Mwajuma kaishika mkononi kama dereva wa lori, akatembea nayo uwanja mzima. Nimempelekea Mama Paulo moja, nikamwambia haya, kokoto iko wapi?

Alitafuna, akaomba nyingine. Ni mara ya kwanza.

Jumatano, 13 Agosti

Wanawake watatu wamekuja kujifunza chapati ya mchele. Nimewafundisha. Maji yachemke, muhogo kidogo, jani la mgomba. Mkono ndio kila kitu, nimewaambia. Mkono wangu umekomaa.

Mwajuma hakumaliza yake ya jioni. Labda kashiba.

Jumapili, 17 Agosti

Anahara tena.

Sielewi. Ngano hajagusa. Nalala naye, naamka naye. Sukari ni ile ile. Maharage yale yale. Maji ya bomba lile lile. Maziwa ya Wamang'ati, wale wafugaji, tulikunywa mwezi uliopita akawa mzima. Nimeyaacha hata hivyo. Mafuta nimebadilisha. Sufuria nimesugua kwa majivu mpaka zimetoka ngozi.

Au daktari kakosea? Au yule wa Kidodi ndiye aliyesema kweli? Nimejikasirikia kwa kufikiri hivyo, lakini nimefikiri.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimejua nani.

Mama Paulo anakaanga mandazi ya ngano ile ya msaada. Fungu lake na langu. Harufu inaingia kwangu kupitia darini. Na Mwajuma hukaa kizingitini kwake akicheza na paka. Nimeunganisha.

Nikamkuta bombani, ndoo za watu zimejipanga. Nikamwambia mbele ya wote. Unamlisha mjukuu wangu mandazi kwa siri. Unaona raha gani? Akasema, "Mama Zuhura, mimi?" Nikamwambia wewe, tena kwa ngano yangu niliyokupa kwa mkono wangu. Mwanamke aliyezaliwa kambini hajui mtoto wa mwenzake.

Hilo la kambi lilinitoka. Lilikuwa kali kuliko nililotaka.

Kajitwika ndoo haijajaa, akaondoka. Maji yakawa yanamwagika begani.

Vizuri. Ajue.

Jumamosi, 30 Agosti

Zuhura kaja na treni. Kamshika mtoto mkono akauzungusha vidole, vidole vikapitana. Kalia. Nikamwambia kilio si dawa. Akasema, "Mama, uliniambia amepona." Nilimwambia, ndiyo. Alikuwa amepona.

Anasema mama mkwe kashafunga mzigo. Anangoja Idi kwa heshima tu. Anasema na yeye amechoka, labda fundi anajua. Nimemwambia asirudie neno hilo chini ya paa langu.

Kinachonitesa ni hiki. Tangu siku ile ya bombani mlango nimeufunga. Mtoto hatoki. Mama Paulo hata hapiti upande huu. Mandazi yake hayana njia. Na bado mtoto anahara. Anakula mkono wangu tu, chapati yangu tu, laini, nzuri, na anapukutika.

Sasa nani? Nimebaki mimi. Mimi simlishi ngano. Kichwa kinazunguka kama jiwe la kusagia.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimekwenda mashine. Hamisi kanipisha. Gogo la nje lilikuwa tupu. Wanawake walikuwa wamesimama mbali na mimi. Tangu yale ya bombani hawanisogelei. Sina wa kuongea naye, nikaenda kusimama mlangoni nitazame kazi. Sijawahi kutazama. Siku zote niko kwenye gogo nasema watu.

Aliyenitangulia alisaga ngano. Hamisi akamkung'utia unga wake. Akamwaga mchele wangu juu, bila kufuta wala kupiga brashi. Ukatoka mweupe. Beseni lilipojaa akainama, akachota kwa kibakuli kutoka sanduku lililo chini ya mdomo wa mashine, akanimwagia juu. Tena. Tena. Kilele.

Nikamwuliza hiyo nini. "Nyongeza yako bibi. Unga unaobaki wa kila mtu. Siwapi wengine, nawawekea wazee." Na uso wake unacheka. Kijana mwema.

Nikachukua beseni nikaondoka bila kuaga.

Nyumbani nikachukua konzi ya kile kilele, nikaitia maji ya baridi. Maji ya baridi, mchele hauwezi. Nikakanda. Ikashikana. Nikaivuta. Ikavutika kama ulimbo wa kunasia ndege, ikarudi, ikavutika.

Nikakaa chini.

Chapati iliyokuwa inakatika ilikuwa inamponya. Iliyokunjika ndiyo ilikuwa inamla. Nami nikaitembeza mtaa mzima niwaonyeshe watu mkono wangu.



Alhamisi, 4 Septemba

Unga wote nimewapa kuku na jirani wa nyuma. Beseni, ungo, chekecheke, vyote nimeviosha kwa maji ya moto na kuvianika. Kikaango nimekichoma motoni kikiwa kitupu mpaka kimebadilika rangi. Kinu nimekirudisha uwanjani.

Nilikwenda kumwambia Hamisi sitaki nyongeza tena wala sisagi kwake. Kwake ni kama nimemtemea mate. "Bibi, nimekukosea nini?" Nikamweleza tumbo la mtoto. Hakuelewa. Hata mimi nilimwelezea kitu nisichokielewa. Akasema atafuta mashine kwanza. Nikamwambia mashine ina matumbo marefu, huwezi kuyafuta. Macho yakamlegea. Heshima yake nimeirudisha kama sahani chafu.

Jioni kaja mwenyekiti wa kijiji. Ndugu, kasema, tumesikia unajitenga na mali ya kijiji. Mashine ni yetu sote. Mtu akianza kutwanga peke yake uani kwake, kesho atalima peke yake.

Nilikata kitovu chake mimi, leo ananiita ndugu. Nikamwambia, siku mashine itakapozaa mtoto anayehara ndipo utakuja kunifundisha ujamaa. Keti ule mkate. Hakukaa.

Jumatatu, 8 Septemba

Tumefunga. Kutwanga na saumu ni mambo mawili yasiyopendana. Kabla ya adhuhuri mchi unakuwa mzito. Mchi mmoja, kinu kimoja, mlio mmoja. Du. Kimya. Du.

Kumwendea Mama Paulo sikuweza. Mara mbili nimefika usawa wa mlango wake nikageuka, nikajifanya natafuta kuku.

Leo nikiwa natwanga nikasikia mlango wake. Akaja uwanjani na mchi wake begani. Hakusalimia. Akasimama upande wa pili wa kinu, akangoja mchi wangu uinuke, akaushusha wake. Tukashika zamu. Du-du, du-du. Unga ukaanza kuruka.

Tulipopumzika nikamwambia, nilikusingizia.

"Najua."

Na la kambi.

"Hilo nalijua zaidi. Twanga."

Tukatwanga. Yeye hafungi. Alikunywa maji mbele yangu taratibu, kata nzima, makusudi. Nimestahili.

Jumamosi, 13 Septemba

Tumbo la mtoto limetulia, si sana. Lakini kalegea. Chapati imerudi kuwa kigae. Akiiona imekatika anaisukuma. Ameshaonja ile laini, nani atamrudisha nyuma? Anakula vijiko viwili vya uji, anageuka ukuta. Idi si mbali.

Anauliza, "Bibi, ile chapati nzuri iko wapi?" Nimemwambia imekwenda safari.

Jumatano, 17 Septemba

Mama Paulo alikuwa anapepeta, mimi nimekata kigae kingine, cha tano, natukana. Akasema kwa kejeli, "Kama unataka kitu cha kuvutika, si upike mlenda."

Alikuwa anataka kunicheka. Nami nilikuwa na mlenda mkavu juu ya dari.

Nimeusaga kwa jiwe. Kidogo tu, wa kuokota kwa vidole vitatu. Nikautia kwenye maji yanayochemka pamoja na chumvi. Maji yakawa na uzi, ukinyanyua mwiko unafuatwa. Nikamwaga unga wa mchele na wa muhogo, nikasonga, nikakanda, nikakandamiza kwenye majani. Rangi ya kijani kama bwawa. Nikaoka. Nikaiachia ipoe kidogo chini ya kitambaa. Nikaikunja.

Ikakunjika.

Mama Paulo akapiga kigelegele. Mimi nikaogopa. Niliishika mkononi mwangu nikashindwa kumpa mtoto. Imekunjika, imekunjika kama ile. Nikaanza kuhesabu moyoni kilichomo. Mchele nimetwanga mimi. Muhogo nimekausha mimi. Mlenda nimechuma mimi. Maji, chumvi, ufuta. Hakuna mkono wa mwingine. Na bado vidole havikuiachia.

Mama Paulo akaninyang'anya. "Basi nitakula mimi, wewe mwoga." Mwajuma akalia akitaka yake. Ikabidi.

Kaila yote. Nimekesha namsikiliza tumbo.

Alhamisi, 18 Septemba

Kaamka mkavu. Kaomba nyingine.

Sijui mlenda umefanya nini na ngano ilifanya nini. Vyote vinavuta. Kimoja kinamla, kingine kinamlisha. Akilini mwangu havikai. Nimeacha kuviweka.

Jumapili, 28 Septemba

Futari yetu sasa ni hiyo hiyo ya kijani. Majirani wanacheka rangi, wanakula. Kuna siku inakatika, mlenda ukiwa mchache au unga ukiwa na chenga. Ikikatika nakula mimi.

Hamisi amepita jioni, kasimama mbali kama mtu mwenye deni. Nikamwita. Nikampa moja yenye maharage, nikamwambia hii ndiyo nyongeza, ya bibi kwa kijana. Kala amesimama. Kaondoka anatabasamu. Yule mtoto wa watu hakuwa na kosa.

Mwajuma mashavu yamerudi. Miguu bado.

Jumatano, 8 Oktoba

Idi imepita, bibi wa Kidodi amekuja. Kashuka kwenye lori la miwa lililompa lifti mpaka njia panda, mengine kwa miguu, na mzigo wake na shanga zake na dawa yake kwenye kibuyu. Zuhura kaja naye, macho chini.

Nimemkaribisha kwa adabu zote. Mkeka mpya. Maji ya kunawa. Akasema kwa sauti ya kanisani, "Nimekuja kumchukua mgonjwa." Nikamwambia mgonjwa yupo, mtafute.

Mwajuma alikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Paulo. Kaitwa mara tatu hakuja. Kaja anakimbia, magoti meusi, paka kwapani, pumzi juu. Akampigia magoti mwenzangu, shikamoo bibi, akasimama hapo akijikuna. Yule mama akamgeuza. Akamshika mkono, vidole havikupitana. Akamfunua jicho. Akambonyeza tumbo, mtoto akacheka.

Tukala pamoja. Nilimpa chapati iliyokunjwa. Akaigeuza akaiangalia rangi. "Hii dawa ya nani?" Nikamwambia ni chakula. Akala mbili. Alipomaliza akafunga kibuyu chake vizuri na kamba, akauliza inasongwaje. Sikumficha kitu. Isipokuwa nilimwambia jambo moja mara tatu: mashine, hapana.

Kasema, "Basi akae kwako kidogo." Nikasema atakaa.

Zuhura alikuwa anaosha sahani, kanipa mgongo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nikamwambia aangalie asivunje sahani yangu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mawingu upande wa milima. Bado hayajashuka.

Asubuhi tumetwanga. Du-du. Mama Paulo anasema mchi wangu umechelewa, nami nasema wake umewahi.

Zuhura katuma salamu. Anafikiria kuweka chapati za mlenda hotelini, eti madereva wajaribu. Nimemjibu atwange mwenyewe.

Mchana Mwajuma kapanda juu ya kinu kufikia dari. Kaangusha chungu cha mlenda wote. Umemwagika chini, upepo ukauchukua mpaka uwanjani, kuku wakaja. Mlenda wa mwaka mzima. Nikamshika sikio. Nimemgombeza. Nimemwita mwizi, nyani wa Mikumi, mtoto asiye na macho wala masikio. Nimemgombeza mpaka sauti imekauka. Akatoroka akakimbilia kwa Mama Paulo, nikamsikia anacheka huko ndani.

Nimeokota niliouweza. Nimeupepeta. Unatosha chapati za kesho.